Mama Mkubwa na mashine ya hewa: Nyumba nzima tumegeuka zimamoto!

Mpenzi msomaji, wiki hii tuweke pembeni mambo ya nani kamwagana na nani na kiwanja gani kilifurika Ijumaa. Leo nakupeleka kwetu Magomeni. Ni nyumba ya vyumba sita, koridoni moja, choo kimoja na mita ya umeme moja. Ukishaelewa hapo kwenye mita moja, basi kasheshe nyingine zote utazielewa bila kuchorewa ramani.

Katika chumba cha pili kutoka mlangoni anaishi Mama Mkubwa wangu, dada yake mama aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu. Mama huyu ni Mtanga, mcheshi, anajua kuvaa na anajua kusuta. Tangu mwaka 1986 anachoma vitumbua. Kuni kwanza, mkaa baadaye, alfajiri kwa alfajiri, uso juu ya moshi. Sigara hajawahi kuigusa, na mtu akimwuliza kama aliwahi anatukana kwa Kisambaa!

Basi bwana, kikohozi kilipomwanza watu wakasema vumbi. Kilipokataa kuisha wakasema pumu. Alipoanza kukonda wakasema TB, na wale wa maneno yao chinichini wakasema mengine ambayo unayajua. Makohozi yakapimwa, TB hakuna. Mwishowe, mwaka 2023, akapulizishwa kwenye kile kimashine cha kupima nguvu ya pumzi, ndipo daktari akatoa jina. Ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa kwenye mapafu, ambao wenyewe madaktari wanaufupisha COPD. Sisi tulizoea kusikia mambo hayo ni ya wavuta sigara. Kumbe moshi wa kuni na mkaa nao unafanya kazi ileile, taratibu, miaka na miaka, na duniani kote kina mama wapishi ndio wanaoumia namna hii bila kuvuta hata pafu moja.

Halafu wakambana kidole na kale kadude kenye taa nyekundu. Mtu mwenye mapafu mazima anasoma 95 kwenda juu. Mama Mkubwa alisoma 84, amekaa tu kwenye kiti, hajapanda ngazi wala hajakimbizana na kuku. Wakampima na damu ya kwenye mshipa wa mkononi, wakamtibu, wakamwita tena baada ya wiki kadhaa. Namba zilikuwa zilezile. Ndipo karatasi ikaandikwa: oksijeni nyumbani, lita 2 kwa dakika, si chini ya saa 15 kwa siku, usiku mzima ukiwemo.

Hapo naomba nikukate kidogo, maana najua kuna mtu anasoma hapa ana bibi yake anahema na tayari anawaza akope anunue mashine. Taratibu! Oksijeni ni dawa yenye kipimo, siyo soda ya kumpoza mgonjwa. Waingereza mwaka 1981 walichapisha matokeo ya wagonjwa 87 wa ugonjwa huu ambao oksijeni ya mwilini ilikuwa imeshuka vibaya. Waliovuta saa 15 kwa siku walikuwa 42, na ndani ya miaka 5 walifariki 19. Ambao hawakupewa walikuwa 45, wakafariki 30. Kwa hiyo inasaidia, tena sana. Lakini mwaka 2016 Wamarekani nao wakatoa ya kwao. Wagonjwa 738 ambao oksijeni yao ilishuka kidogo tu, waliopewa na ambao hawakupewa wakatoka ngoma droo, hakuna aliyezidi kuishi wala aliyepunguziwa kulazwa. Kwa maana hiyo kuhema peke yake siyo tiketi. Tiketi ni kipimo.

Sasa mashine. Familia ikachangishana kwenye simu kama harusi. Binamu yetu aliyeko Houston akasema tulieni, nawatumia ya huku, imetumika kidogo tu. Fundi mmoja wa vifaa vya hospitali akatuokoa. Akasema ya kule inataka umeme wa volti 120 na huku kwetu ni 230, mtaichoma siku ya kwanza. Akatuonya pia juu ya vile vimashine vidogo vya bei poa vilivyoandikwa lita 1 mpaka 7. Ukiweka lita moja inatoa oksijeni ya maana, ukipandisha, usafi wake unaporomoka mpaka unakaribia hewa ya kawaida ya barabarani. Akasema tafuteni iliyoandikwa kwamba inatoa asilimia 90 au zaidi katika lita zote mpaka 5. Tukaipata, imetumika, akaipima mbele yetu ndipo tukatoa hela.

Na jinsi inavyofanya kazi ni kitu cha ajabu kiaina. Haijazwi kitu. Inavuta hewa hiihii ya Magomeni yenye asilimia 21 ya oksijeni, inaipitisha kwenye chembechembe za madini ya zeolaiti ambazo zinanasa naitrojeni, halafu kinachobaki kinakwenda puani kwa mgonjwa kupitia mrija. Inanguruma kama friji lililozeeka na inatoa joto, kwa hiyo haitaki kubanwa. Tumeiweka sentimita 30 kutoka ukutani, mbali na pazia, na imechomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukuta, siyo kwenye zile ekstensheni ambazo zimebeba simu nane na pasi.

Umeme sasa! Mashine yetu inakula wati 350. Piga hesabu: saa 24 ni uniti 8 na pointi 4. Tokeni ambazo nyumba nzima ilikuwa inanunua za wiki zikawa zinakata siku ya tatu. Wee, acha tu. Jamaa wa chumba cha mbele, ambaye ana sabufa ya kutikisa mabati, ndiye alikuwa wa kwanza kumaindi! Kikao kikaitwa uani, baba mwenye nyumba katikati, na mpangaji mmoja akatamka kwamba sisi "tunamwashia bibi umeme alale." Nilitaka kujibu, Mama Mkubwa akaniwahi kwa jicho. Suluhu ikawa kufunga kimita kidogo kwenye waya wa chumba chetu, kila Jumapili kinasomwa mbele ya watu, tunalipa tulichokula. Tangu siku hiyo amani. Na sabufa nayo ilipopimwa, heshima ikarudi.

Lakini fedha zinapatikana. Kilichokuwa kinaninyima usingizi mimi ni moto.

Watu wengi wanadhani oksijeni inawaka kama gesi ya kupikia. Haiwaki. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kingine kinawaka zaidi ikiwepo. Cheche ambayo ungeizima kwa kofi inageuka ulimi wa moto, na kanga, blanketi, nywele, vyote vinashika kwa kasi ambayo hujapata kuiona. Tarehe 27 Januari 1967, Wamarekani watatu wa safari za anga, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee, walikuwa ndani ya chombo cha Apollo 1 kule Florida. Walikuwa hapahapa ardhini, kwenye majaribio tu. Chombo kilijazwa oksijeni tupu. Moto ukaanza, na kabla mlango haujafunguliwa wote watatu walikuwa wamekufa. Hao walikuwa na wataalamu wamewazunguka. Sisi tuna ndoo ya maji na mtoto wa jirani.

Kanuni tuliyopewa ni moto wowote ukae mita 3 kutoka kwenye mashine na mgonjwa. Sasa chumba chetu ni futi 10 kwa 10, yaani mita 3 na kidogo. Ukipiga hesabu hiyo huna haja ya kubeba futi ya fundi. Chumbani moto haupo, basi! Hakuna mshumaa, kibatari, dawa ya mbu ya kuwasha wala jiko la gesi la pembeni ya kitanda. Na kwa kuwa mlango wetu unatazama koridoni, na koridoni ndiko wapangaji walikuwa wanapikia, ilibidi majiko yote yahamie uani. Unafikiri nilipendwa? Mama wa chumba cha tano alinuna wiki mbili mpaka mvua ya kwanza ilipopita akajengewa kibanda.

Gumu kuliko yote lilikuwa udi. Mtanga bila udi, jamani! Mama Mkubwa alikuwa anafukiza chumba kila Alhamisi jioni, na kanga zake zote zilikuwa na harufu ya chetezo. Nilimweleza, akanyamaza, akageukia ukutani. Sikukuu ya Idi wakaja mashoga zake watatu wa Pongwe kumwona mgonjwa, mmoja ameficha chetezo kwenye mkoba, makaa tayari yameshika. Nilimpokea mkoba mlangoni kwa adabu zote, shikamoo mama, karibuni, nikaupeleka chini ya mwembe. Walichukia. Nikawaonyesha mrija puani mwa shoga yao, nikawaambia kile kinachotoka pale kinaingia mpaka kwenye kanga na godoro. Mmoja wao, mtu mzima sana, ndiye aliyesema, "Basi tumpake mafuta ya udi." Nikawaomba hata hayo yasiwe usoni wala kifuani, maana mafuta na oksijeni si marafiki. Wakayapaka kwenye leso wakaiweka juu ya kabati. Harufu ilifika, Mama Mkubwa akafumba macho, na mimi nikatoka nje kidogo.

Mafuta nayo ni kimeo ambacho hakuna anayekitegemea. Mrija unakausha pua, mpaka inachubuka, na kila Mswahili dawa yake ni mafuta ya mgando. Hapana! Yote yanayotokana na petroli yanaweza kushika moto na kuunguza uso. Iko jeli ya majimaji inayouzwa duka la dawa, hiyo ndiyo. Na ukipaka sanitaiza mikononi, iache ikauke kabisa kabla ya kushika mrija.

Wadada, hii ni yenu. Mashine ikiwa inawaka, usimsuke mgonjwa huku unamkaushia nywele kwa drayer, na kile kitana cha moto ndiyo usikitaje. Na washikaji wa shisha na sigara za umeme, msijidanganye kwamba hazina kiberiti. Kile kiwaya cha ndani kinapata moto, na mbele ya oksijeni kinatosha.

Na wengi wanasahau kuizima. Mgonjwa anakwenda kuoga, anavua mrija anautupa kitandani, mashine inaendelea. Oksijeni inajaa kwenye shuka na godoro kimyakimya. Ukivua mrija, zima mashine. Hata baada ya kuzima, nguo zinabaki nayo kwa muda, kwa hiyo Mama Mkubwa akitaka kwenda uani kuonja mchuzi anakaa kwanza barazani kama nusu saa upepo umpige.

Sasa nije kwa Mjomba. Mjomba ni mdogo wake Mama Mkubwa, anampenda dada yake kupita maelezo, na anavuta sigara kuliko bomba la kiwanda. Tumempa ofisi yake chini ya mwembe, kigoda na kopo la mchanga. Hilo alilikubali. Lililotuletea kizaazaa ni jingine.

Ilikuwa Jumamosi, mimi nimekwenda kazini Kariakoo, Mjomba kabaki na mgonjwa. Mama Mkubwa akawa anahema kidogo kuliko kawaida. Mjomba akaangalia kile kigololi kinachoelea kwenye kioo cha mashine, akaona kiko kwenye 2, na kioo kinafika mpaka 5. Akakizungusha mpaka juu. Alipoona kidole kinasoma 98 akafurahi kama kafunga goli.

Narudi saa moja usiku, Mama Mkubwa amelala. Namwamsha, anafungua macho, anayafumba. Anasema kichwa kinagonga. Ananiita jina la marehemu kaka yake. Nikatazama kioo, kigololi kiko 5.

"Shikamoo Mjomba. Nani kagusa hii?"

"Marahaba. Mimi. Mgonjwa anahema, wewe unambania hewa?"

Msomaji, hapa ndipo upendo unapoweza kuua. Mapafu ya ugonjwa huu, kwa baadhi ya wagonjwa, yanashindwa kutoa ile hewa chafu ya kaboni. Ukiwamwagia oksijeni nyingi kuliko kipimo, hewa chafu inazidi kurundikana kwenye damu. Kidole kinasoma vizuri huku mgonjwa anazama. Dalili ni kichwa kuuma, hasa asubuhi, usingizi usioeleweka, kuchanganya maneno. Ndiyo maana daktari alituandikia kwamba Mama Mkubwa abaki kati ya 88 na 92. Kwake yeye 98 haikuwa sifa hata kidogo.

Nikarudisha kigololi kwenye 2. Mrija sikuuvua, maana kumkatia ghafla nako ni hatari, namba inaweza kuanguka chini ya ile ya mwanzo. Tukaita gari, tukachukua na ule mtungi mdogo, tukafungua vioo vya madirisha, tukakimbia hospitali. Alilazwa siku nne. Usiku wa kwanza walimfunga barakoa ya mashine ya kumsaidia kupumua, na Mjomba alikaa kwenye benchi la nje mpaka kunakucha bila kuvuta hata sigara moja. Sijawahi kumwona hivyo. Siku ya tatu Mama Mkubwa alimwambia, "Mdogo wangu, ulitaka kunipa zawadi, umenipa mzigo." Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Mimi nilikuwa bado siwezi kucheka.

Tangu hapo kuna plasta nyeupe imebandikwa kwenye kioo, imeandikwa kwa kalamu nene: MBILI. Namba ya daktari iko chini yake. Akihema kuliko kawaida, tunapiga simu au tunakwenda. Hakuna fundi wa kuzungusha.

Mtungi nao una visa vyake. Umeme ukikatika mashine inapiga king'ora, na mkono wa kila mtu unatafuta nini? Mshumaa! Mshumaa pembeni ya mtungi wa oksijeni, Mungu wangu. Kwetu tochi inaning'inia msumarini juu ya kitanda na haiazimwi. Mtungi wetu ni wa lita 10, ukijazwa mpaka mgandamizo wa 150 unatoa kama lita 1,500. Kwa lita 2 kila dakika ni dakika 750, saa 12 na nusu. Kwa hiyo geji ikifika nusu sisubiri, najua nina saa sita tu, na duka la kujazia halifunguliwi usiku. Umesimama wima na umefungwa mnyororo, kwa sababu mtungi ukianguka kichwa kikavunjika unaondoka kama roketi na ukuta wa matofali hauusimamishi. Unafunguliwa taratibu, mikono mikavu. Koki ikigoma, usiipake mafuta ya nazi wala girisi hata kama fundi baiskeli amekushauri. Na mtungi wa fundi wa kuchomelea mwachie mwenyewe, wa mgonjwa unajazwa kwa usafi mwingine.

Jamaa wa chumba cha mbele alijitolea jenereta yake, na kwa hilo namsamehe sabufa yote. Inakaa nje kabisa, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake unaua watu waliolala. Kumnusuru mtu kwa oksijeni huku unamvutisha kaboni monoksaidi si akili.

Mengine ni kazi ndogondogo. Kikopo cha maji cha mashine kinamwagwa na kusafishwa kila siku, tunaweka maji safi yaliyotengenezwa maalumu au yaliyochemshwa yakapoa. Kichujio cha nyuma kinaoshwa kila wiki, na kwa vumbi la barabara yetu ukikiona utashika kichwa. Masikio yake yalichubuliwa na mrija, tukazungushia pamba. Na mrija wenyewe tumeupitisha kandokando ya ukuta, kwa sababu mwezi wa kwanza mtoto wa jirani aliukanyaga, hewa ikakata, na siku ya pili Mama Mkubwa mwenyewe alijikwaa nusura avunjike nyonga.

Vitumbua hachomi tena. Binti wa chumba cha nne ndiye kachukua biashara, kwa jiko la gesi, uani. Mama Mkubwa anasimamia kwa mdomo kutoka mlangoni. Mrija wake una mita 7, unafika mpaka kizingitini, kwa hiyo jioni anavuta kigoda anakaa pale, kanga mbili, mrija puani, anaukagua mtaa.

Juzi kaja kijana wa bodaboda kuulizia chumba, sigara imechomekwa sikioni, hajaiwasha. Mama Mkubwa akamtazama kutoka juu mpaka kwenye kandambili.

"Mwanangu, hiyo ya sikioni ni hereni au una mpango nayo?"

"Shikamoo mama. Hereni tu."

"Marahaba. Basi kiberiti mpelekee Mjomba wako pale mwembeni, halafu urudi tuzungumze kodi."

Jamaa akaenda mpaka mwembeni. Mjomba akakipokea kiberiti, akakitia mfukoni, akampa kigoda.